Seva inakwama na viini saba vimelala

Simu huja Ijumaa usiku, isha imeshaswaliwa na vijana wameshajazana. "Ami, seva inalegi tena. Tuchange pesa tuongeze viini?" Zamani ningewauliza wamepata shilingi ngapi. Siku hizi nawauliza ni nani anayekwama, na anakwama vipi. Mashine yenyewe, ile iliyo chini ya ngazi kule Tudor, ina kichakataji (CPU) cha viini 8, yaani vitengo vinane vinavyoweza kuhesabu kwa wakati mmoja, na mara nyingi wanapolia, viini 7 kati yake havina kazi yoyote ya maana.

Yanayofuata nimeyakusanya kwenye seva za Minecraft na Counter-Strike ninazozitunza hapa Mombasa, na nyingine moja niliyoiandika mwenyewe kwa kiburi cha ujana. Zote ziko kwenye Linux. Nimeyapanga kwa malalamiko ya wachezaji, maana hayo ndiyo hutangulia kunifikia.

Kabla ya yote: tazama tiki, si asilimia

Tovuti ikipata wageni 800, kila mgeni ana ombi lake, na maombi hayo yanaweza kugawiwa viini vyote. Seva ya mchezo haiko hivyo. Ina dunia moja, na dunia hiyo husogea kwa hatua. Kila hatua, ambayo wenyewe tunaiita tiki, seva husoma walichobonyeza wachezaji, huwasogeza watu na wanyama, huamua risasi imempata nani, kisha hutuma majibu. Minecraft hupiga tiki 20 kwa sekunde, kwa hiyo kila moja ina milisekunde 50 tu. Counter-Strike 2 hupiga 64, sawa na milisekunde 15.6. Seva za CS:GO, mchezo uliotangulia, zilizowekwa kwenye 128 zilikuwa na milisekunde 7.8.

Tiki ikichukua milisekunde 80 pahali pa 50, Minecraft hushuka hadi tiki 12.5 kwa sekunde, na hapo hakuna ujanja wa mtandao utakaoificha aibu: ng'ombe watatembea kama wamo majini, na jiwe ulilolivunja litarudi. Tiki moja ya milisekunde 300 katikati ya tiki mia nzuri haionekani kabisa kwenye wastani wa dakika nzima, ilhali kila mchezaji ameihisi. Kuanzia Minecraft 1.20.3 kuna amri ya `/tick query`. Kwenye Paper, programu mbadala ya seva ya Minecraft, kuna `/mspt`, ambayo hutoa wastani, tiki fupi kabisa na ndefu kabisa. Mimi huangalia ile ndefu kabisa kwanza.

"Mimi peke yangu nakwama"

Mmoja akilia na wengine kumi wametulia, achana na kichakataji. Ni Wi-Fi yake, au nduguye anapakua filamu, au seva iko mbali. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban km 200 kwa milisekunde moja. Hapa hadi Nairobi ni kama km 480 kwa barabara: kwenda na kurudi, milisekunde 5 hivi. Hapa hadi Frankfurt ni zaidi ya km 6,000 hata ukiruka kama kunguru, basi milisekunde 60 zimekwisha kabla nyaya hazijaanza kuzunguka baharini. Na hiyo ni afueni. Kabla ya SEACOM na TEAMS kutua Mombasa mwaka 2009, tulitegemea setilaiti, na setilaiti iliyo km 36,000 angani haiwezi kukujibu chini ya nusu sekunde hivi.

Pingi (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) mbaya na tiki nzuri: shida ni njia. Pingi nzuri na tiki mbaya: endelea kusoma.

"Sote tumekwama, lakini CPU iko asilimia 13"

Hili ndilo lalamiko la kila wiki, na ndilo linalowafanya watu wanunue mashine wasizozihitaji. Asilimia 13 kwenye mashine ya viini 8 haimaanishi kwamba mashine imepumzika. Ni moja ya nane. Kiini kimoja kimejaa pomoni, na vingine saba vinatazama dari. Kama kila kiini chako kinajionyesha kama viwili, utaona 6 badala ya 13, na udanganyike zaidi.

Kuthibitisha ni rahisi. Pata nambari ya mchakato kwa `pgrep java`, kisha andika `top -H -p` na nambari hiyo. Ile H hutenganisha nyuzi moja moja, yaani mistari ya kazi ndani ya programu, kila mmoja ukitumia kiini kimoja kwa wakati. Ukiona uzi ulioandikwa Server thread umeganda kwenye 99 na wenziwe wako kwenye 2 au 3, umeshamshika mwizi. Kwenye htop, bonyeza H kubwa.

Kwa nini iwe hivyo? Chukua wachezaji wawili: mmoja anafungua sanduku, mwingine analivunja, ndani ya tiki ile ile. Lazima mmoja atangulie, la sivyo mali itazaliwa kutoka hewani (na wahuni wa mchezo huu wanajua kuitumia nafasi hiyo). Njia nyepesi ya kulinda utaratibu ni uzi mmoja ufanye yote kwa zamu, na ndivyo Minecraft ilivyojengwa. Kuzalisha ardhi mpya, kuzungumza na mtandao na kuandika diskini kumehamishiwa nyuzi nyingine. Wanyama, saketi za redstone (umeme wa mchezo) na hopa (visanduku vinavyonyonya vitu) bado zimo kwenye ule mmoja.

Barabara ya kushukia Likoni unaweza kuipanua iwe na njia nane. Feri ikiwa moja, foleni ni ile ile. Gene Amdahl alilisema jambo hili kwa hesabu mwaka 1967, na hesabu yake haina huruma. Tuseme tiki yako inachukua milisekunde 50, na 40 kati ya hizo ni kazi ya uzi mkuu isiyogawika. Zilizobaki 10 ukizigawa kwa viini 8 zitakuwa 1.25. Umetoka 50 ukafika 41.25. Viini 64? Umefika 40 na kidogo. Sasa punguza robo ya ile kazi ya uzi mkuu bila kununua chochote: umeshuka hadi 40 kwa jumla, sawa na yule aliyenunua 64.

Kwa hivyo dawa ya kwanza ni kujua uzi mkuu unakula nini. Sakinisha spark, kipimo kinachoonyesha muda unakwenda wapi, uiache ipime dakika kumi wakati wachezaji wamejaa, kisha usome tawi la Server thread kutoka juu kwenda chini. Usikisie. Mimi nilikisia miezi miwili kwamba mkosaji ni plagini ya ulinzi wa viwanja, nikaitoa, nikatukanwa, na seva ikaendelea kukwama. Spark ilipowekwa ilionyesha hopa. Kijana mmoja wa Majengo alikuwa amejenga ghala lenye mamia ya hopa, na kila moja ilikuwa ikichungulia juu yake tena na tena kama kuna kitu cha kunyonya. Tukamwomba abadilishe sehemu kubwa iwe mifereji ya maji inayosukuma vitu. Alinuna siku tatu. Tiki ilirudi chini ya 30.

Dawa ya pili iko kwenye faili la server.properties: simulation-distance, iliyoletwa na toleo 1.18. Chaguo lake la kawaida ni 10, maana yake mraba wa chanki (vipande vya ramani) 21 kwa 21 kumzunguka kila mchezaji, jumla 441. Iweke 6, na mraba unakuwa 13 kwa 13, chanki 169. Wachezaji hawatagundua, kwa sababu wanavyoona mbali kunatawaliwa na view-distance, ambayo unaweza kuiacha juu. Nimeona watu wakishusha view-distance peke yake, dunia ikajaa ukungu na tiki ikabaki pale pale.

Tatu, zalisha ramani mapema. Chunky itafanya kazi hiyo usiku mmoja. Hapa viini vyote hutumika kweli, na ndiyo maana hutaki ifanyike wakati watu wanacheza.

Kama baada ya hayo bado unahitaji mashine, nunua kiini chenye kasi, usinunue wingi wa viini. Rafiki yangu wa Nyali alileta seva ya mtumba yenye Xeon (vichakataji vya Intel vya seva) mbili za E5-2680 v2, viini 10 kila moja. Chuma kizuri, kizito, feni zinalia kama ndege inayotua Moi. Lakini kichakataji hicho ni cha mwaka 2013, na kiini chake kimoja kikijitahidi hufika GHz 3.6. Kompyuta ya mezani ya viini 6 ya miaka ya karibuni iliishinda kwa dunia moja ya Minecraft. Na usitazame GHz peke yake, kwani kiini kipya hufanya mengi zaidi kwa kila pigo. Kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya kichakataji, nayo ina neno lake: mchezo hurukaruka kwenye kumbukumbu, huyu mbuzi yuko huku, yule zombi yuko kule, na kichakataji kama Ryzen 7 5800X3D chenye MB 96 za kashe ya ngazi ya tatu hupunguza safari za kwenda RAM.

Ile Xeon hatukuitupa. Ilipata kazi inayoifaa, nayo ni njia ya kweli ya kutumia viini vingi: michakato mingi. Dunia ya kujenga iwe seva yake, ya kupona (survival) iwe yake, ukumbi wa kuingilia uwe wake, na mbele yao Velocity inayowapitisha wachezaji kutoka moja hadi nyingine bila wao kuchomoka. Sasa kuna nyuzi kuu tatu, na viini vitatu vina kazi. Counter-Strike ni rahisi zaidi, kwa sababu kila mechi tayari ni mchakato wake. Mimi huhesabu kiini kimoja kwa mechi, na viwili naviacha bila mechi: kimoja cha mfumo, kimoja cha akiba.

Kuna pia Folia, iliyotolewa mwaka 2023 na watu wale wale wa Paper. Hiyo huikata dunia moja vipande na kuupa kila mkusanyiko wa chanki mapigo yake ya tiki kwenye uzi tofauti. Ni kazi nzuri sana, lakini wenyewe wanapendekeza viini 16 au zaidi, plagini zisizoandikwa kwa ajili yake hazifanyi kazi, na inasaidia pale tu wachezaji wanapokuwa wametawanyika. Sisi huku tunapenda baraza. Watu arobaini wakikusanyika sokoni pale mwanzo wa dunia, wote wamo kipande kimoja, na umerudi kwenye feri moja.

"Iko poa, halafu inaganda sekunde nusu, halafu poa tena"

Mkwamo wa vipindi kwenye seva ya Java, shuku mzoataka. Java huacha vitu vilivyokwisha kutumika vijae kwenye RAM, kisha huvizoa kwa mkupuo, na sehemu ya uzoaji huo husimamisha nyuzi zote za mchezo. Mzoataka wa kawaida, G1, huja akiwa amepewa lengo la kutosimamisha zaidi ya milisekunde 200. Kwa programu ya benki hiyo si kitu. Kwa Minecraft ni tiki nne. Washa kumbukumbu zake kwa `-Xlog:gc` na ulinganishe saa za kuganda na saa zilizoandikwa humo. Zikioana, weka `-Xms` na `-Xmx` (RAM ya kuanzia na ya mwisho) sawa, shusha `-XX:MaxGCPauseMillis`, na usiipe seva RAM ya GB 24 kwa sababu tu unayo.

Wakati mwingine kosa hili ni la viini vyenyewe. Kila Java inapoamka huhesabu viini vya mashine na kudhani vyote ni vyake. Ikiona nyuzi 16 za kichakataji (viini kama mfumo unavyovihesabu), hutengeneza wazoataka 13, yaani nyuzi 13 za kuzoa. Mimi nilikuwa na seva nne kwenye mashine ya nyuzi 16, kwa hiyo wazoataka 52. Seva ya kujenga ikianza kuzoa, wazoataka wake walivamia viini vyote, hata kile ambacho uzi mkuu wa seva ya kupona ulikuwa unakitumia. Wachezaji wa dunia moja walikuwa wakikwama kwa taka za dunia nyingine. Niliwapa kila seva `-XX:ActiveProcessorCount=4`, na malalamiko yakaisha siku hiyo hiyo. Ukiwa huna muda wa kusoma mengine, chukua hilo.

"Nimeiweka kwenye Docker, nimeipa CPU 2, inakwama na haijafika hata 2"

Docker huendesha programu ndani ya kontena, kama chumba chake chenye mipaka. Mpaka wa CPU kwenye kontena hauipi seva viini viwili. Huipa posho ya muda. Linux hukata muda vipande vya milisekunde 100, na "CPU 2" maana yake ni milisekunde 200 za kazi ndani ya kila kipande, zikitumiwa na nyuzi zozote, kwenye viini vyovyote. Sasa tuseme wazoataka 8 wameamka kwa pamoja. Nane mara 25 ni 200. Ndani ya milisekunde 25 posho imekwisha, na kontena zima linalazwa milisekunde 75 zilizobaki, uzi mkuu ukiwemo. Tiki moja na nusu imepotea, na grafu ya CPU inaonyesha seva iliyotulia ndani ya mpaka wake.

Ushahidi uko kwenye faili la cpu.stat ndani ya saraka ya kontena chini ya `/sys/fs/cgroup`. Tazama nr_throttled. Nambari ikipanda kila unapoisoma tena, ndiyo hiyo. Ondoa mpaka wa posho na badala yake itengee kontena viini kamili kwa `--cpuset-cpus`. Hapo itabanwa mahali, haitalazwa.

"Tukiwasha seva ya pili, ya kwanza inaharibika"

Na viini bado vipo! Hapa nilijikwaa mwenyewe. Nilisoma kwamba ni vizuri kufunga kila seva kwenye kiini chake kwa `taskset`, nikaifunga ya kwanza kwenye 0 na ya pili kwenye 1, nikaenda zangu kunywa kahawa nimeridhika. Kumbe kwenye mashine ile 0 na 1 ni milango miwili ya chumba kimoja. Kichakataji chenye nyuzi pacha hujionyesha na viini mara mbili ya kilivyonavyo, na pacha wawili hugombania vifaa vile vile vya kuhesabia. Kwenye mashine nyingine pacha wa 0 ni 4, au 8. Usikariri, andika `lscpu -e` na usome safu ya CORE: nambari zikifanana, ni pacha.

Amri hiyo hiyo inakuonyesha kashe. Ryzen yenye vibamba viwili vya viini, kwa mfano 5950X, ina MB 32 za kashe ya ngazi ya tatu kwa kila kibamba, na uzi ukihamishwa kutoka kibamba hiki hadi kile, unaacha nyuma kila ulichokuwa umekisogeza karibu. Basi funga seva nzito kwenye kibamba kimoja na zile nyepesi kwenye kingine. Kwenye Xeon mbili, kila soketi ina RAM iliyo karibu nayo; `numactl --cpunodebind=0 --membind=0` huiweka seva na kumbukumbu yake upande mmoja. Na Intel nyingi za kuanzia kizazi cha 12, kilichotoka mwaka 2021, zina viini vikubwa na vidogo pamoja. Uzi mkuu ukiangukia kidogo, tiki hurefuka bila sababu unayoiona.

Jihadhari usifunge Java kwenye kiini kimoja kamili. Wazoataka na uzi mkuu watapanga foleni moja, nawe utarudi kwenye dalili iliyotangulia. Viini vitatu au vinne vinatosha.

"Asubuhi iko sawa, alasiri haifai"

Miezi ya kaskazi, joto la nje likiwa nyuzi 32 au 33 na hewa imejaa unyevu, seva ya Tudor ilianza kukwama kila siku saa tisa. Nikasema ni watoto wametoka shule. Lakini idadi ya wachezaji saa tisa ilikuwa ndogo kuliko ya saa mbili usiku, na saa mbili haikukwama. Nikaandika `watch grep MHz /proc/cpuinfo` na kuona viini vilivyopaswa kuwa kwenye 3,900 vikisuasua kwenye 2,200. Kichakataji kikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi chenyewe, na hakitoi ilani kwa mchezaji. Kwenye Intel kuna hesabu yake: `/sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count`.

Nilipofungua kasha nilikuta vumbi la hapa Pwani, ambalo kwa chumvi na unyevu si vumbi tena, ni kama uji uliokauka. Brashi, pasti mpya ya joto, na mashine ikatolewa kwenye kabati lililofungwa. Gharama yote haikufika nauli ya kwenda Nairobi.

Kasi ikiwa chini hata asubuhi penye ubaridi, tazama gavana. Si yule wa kaunti, ni kama kile kidhibiti mwendo cha matatu kinachozuia zaidi ya km 80 kwa saa. Soma `/sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor`, na ukitaka ibadilishe kwa `cpupower frequency-set -g performance`. Kwenye Intel za karibuni neno powersave halimaanishi mwendo wa konokono, kwa hiyo pima kabla na baada. Na kama seva yako ni kompyuta ya mapajani, kumbuka kwamba umeme ukikatika ikahamia betri, mara nyingi kasi hushushwa.

"Tumekodi seva ya mtandaoni, hakuna kinachoonekana"

Andika `top` na utazame herufi st. Hiyo ni asilimia ya muda ambao kiini chako kilitaka kufanya kazi na mwenye mashine akawa amekipa mpangaji mwingine. Moja au mbili, vumilia. Ikicheza kwenye 10 wakati wa jioni, hakuna mpangilio wa Java utakaokuokoa. Tulikodi ya namna hiyo, iliyotangazwa kuwa na viini 8. Tulihamia nyingine yenye viini 2 visivyoshirikiwa, na tukalala usingizi.

"Nimeandika seva yangu mwenyewe, kila nikiongeza nyuzi inapungua kasi"

Karibu kwenye kiburi changu. Niliandika seva ndogo ya mchezo wa magari kwa C++, uzi mmoja kwa kila chumba, nyuzi 8, na dunia yote chini ya kufuli moja, yaani uzi mmoja tu huigusa kwa wakati. Nyuzi 2 zilikwenda vizuri. Nyuzi 8 zilikwenda polepole kuliko 2. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: kila uzi ulikuwa unangoja ufunguo, na kungoja kwenyewe kuna gharama, kwani mfumo unaulaza na kuuamsha.

Dalili zake: viini vyote vinaonekana vina kazi nusunusu, hakuna kilichojaa, na sehemu ya sy (muda wa mfumo wenyewe) kwenye `top` iko juu. `pidstat -wt -p` na nambari ya mchakato itaonyesha safu ya cswch/s ikipaa, yaani nyuzi zinajiachia kiini zenyewe kwa sababu zinangoja. `strace -f -c` ikikuambia muda mwingi umo kwenye futex, pale nyuzi zinapongojea kufuli, umefika. Dawa haikuwa kufuli dogo zaidi. Ilikuwa kila chumba kimilikiwe na uzi mmoja, na mwingine asiguse humo ila kwa kuacha ujumbe kwenye foleni ya chumba, nao usomwe mwanzo wa tiki.

Kufuli likaisha na bado nyuzi 8 hazikufika hata mara nne ya mmoja. Hili lilinichukua wiki. Nilikuwa na safu moja ya takwimu za wachezaji, baiti 16 kwa kila mmoja, zimepangwa bega kwa bega. Kichakataji hakibebi baiti moja moja, hubeba mstari wa kashe wa baiti 64, kwa hiyo wachezaji wanne walikuwa kwenye mstari mmoja. Nyuzi nne ziliandika kila moja pake, hazikugusana kabisa kwenye msimbo, lakini kila mmoja akiandika mstari ulinyang'anywa kutoka kiini kingine. Neno moja, `alignas(64)`, lilimpa kila mchezaji mstari wake. RAM niliyoipoteza haijazi hata picha moja ya simu.

Kisha ikabaki kungojana mwisho wa tiki. Ukigawa kazi kwa nyuzi nane na kuzisubiri zote, tiki yako ni ndefu kama uzi uliochelewa kuliko wote. Chumba chenye magari 30 kikiwa na uzi wake, na vyumba saba vyenye magari mawili mawili vina vyao, saba watamaliza na kumsubiri mmoja. Niliacha kugawa kwa vyumba nikaanza kugawa kwa mafungu madogo ambayo uzi uliomaliza huchukua jingine.

"Kila saa kamili, dakika mbili za mateso"

Hiyo ni cron, kipanga ratiba cha Linux. Mtu, pengine wewe mwenyewe mwaka jana, ameweka nakala rudufu ya dunia kila saa, na programu ya kubana faili imeambiwa itumie viini vyote. Tazama `crontab -l`, za root pia. Iambie itumie uzi mmoja, itangulize `nice -n 19 ionice -c 3`, na uihamishie saa kumi usiku. Yangu niliiweka saa kumi na moja, na wa kwanza kulalamika alikuwa kijana anayeingia kucheza kidogo kabla ya adhana ya alfajiri.